Barua ya Malalamiko: Karatasi Moja ya Vipimo kwa Taa Tatu za Ukutani Zisizofanana

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Idara ya Usanifu wa Bidhaa

YAH: MAELEKEZO YA KUFUNGA TAA ZA UKUTANI NA MAPUNGUFU YA LEBO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaandika tukiwa mafundi umeme na wapangaji wa mwanga wa nyumba. Mnauza taa tatu za ukutani kwa karatasi moja ya maelekezo: taa ya mkono unaokunjika, taa ya tungi la kioo ambalo mkono wake unapanda juu, na taa ya bomba inayomwaga mwanga juu na chini. Rangi ya chuma imepakwa vizuri na kioo ni kizito. Hapo hatuna neno. Tunalalamikia karatasi hiyo na maandishi ya boksi, kwa sababu vinamfanya mnunuzi atoboe ukuta mahali pasipofaa. Pia kuna kasoro moja kwenye taa yenyewe ambayo ni ya hatari, na tunaanza nayo.

Taa ya mkono ni ya chuma kuanzia bamba linaloshika ukutani hadi kofia. Ndani ya bamba kuna konekta ya nafasi mbili tu, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha). Skrubu ya ethi, yaani ya waya wa ardhini, haipo. Alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kwamba taa ina insulesheni mbili (tabaka mbili za kukinga umeme) na haihitaji ethi, nayo haipo. Taa ya chuma inayotumia umeme wa nyumba lazima iwe mojawapo: ama Daraja la I, ethi ikiwa imeshikamana na chuma, ama Daraja la II, yenye alama hiyo. Yenu haiko huku wala kule. Fundi anafungua ukuta, anakuta waya wa ethi, wa kijani na njano, hana pa kuufunga, anauviringisha na kuusukuma nyuma ya bamba. Na hii ndiyo taa ambayo waya wake unasogea kila siku, maana unapita ndani ya kiungo kinachokunjwa. Ukingo wa bomba kwenye kiungo hicho hauna mpira wa kukinga. Ganda la waya wa kahawia, ndio wa laivu, likichubuka hapo, mwili mzima wa taa unakuwa laivu, na fyuzi haitakatika kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi ardhini, mpaka mtu aushike mkono wa taa kuusogeza.

Sasa urefu. Karatasi inasema: funga bamba sentimita 180 kutoka sakafuni. Namba hiyo imetolewa kwa taa zote tatu na kwa vyumba vyote. Kosa lake la kwanza ni kwamba inapima bamba, na bamba halitoi mwanga. Kinachopaswa kupimwa ni katikati ya balbu. Kwenye taa ya tungi, balbu iko sentimita 22 juu ya katikati ya bamba, hivyo mwanga unakaa kwenye sentimita 202. Kwenye taa ya mkono, kofia ikiwa imeinamishwa chini, balbu iko sentimita 14 chini ya bamba, yaani kwenye 166. Mnunuzi mmoja, karatasi moja, tofauti ya sentimita 36. Umbali huo kati ya bamba na balbu haujaandikwa popote, si kwenye boksi wala kwenye mchoro, na bila huo hakuna anayeweza kupanga kimo kabla hajainunua taa na kuifungua.

Hili si jambo dogo kwa sababu boksi la umeme huchimbiwa ukutani na paipu kupitishwa kabla ya lipu. Taa ikija kuonekana iko juu mno, haishushwi kwa kulegeza skrubu mbili. Ukuta unachimbwa upya, waya unarefushwa au unavutwa mwingine, lipu inazibwa, na rangi ya kiraka haiwi sawa na ya ukuta hadi upande wote upakwe.

Kwa sebule na vyumba vya kukaa, katikati ya mwanga kwa kawaida hukaa kati ya sentimita 150 na 170 kutoka sakafu iliyokamilika. Tunasisitiza iliyokamilika: zege la kusawazisha na vigae huongeza sentimita kadhaa, na anayepima akiwa amesimama kwenye zege tupu atajikuta taa yake imeshuka kwa kiasi hicho. Kipimo hicho kinatokana na macho. Macho ya mtu mzima aliyesimama yako karibu na sentimita 150 hadi 160, ya aliyekaa kwenye kochi yako karibu na 110 hadi 120. Taa iliyo wazi juu isimruhusu aliyesimama kuchungulia balbu. Iliyo wazi chini isimruhusu aliyekaa kuiona. Tungi la kioo cha maziwa lina uhuru zaidi kwa sababu kioo chenyewe kinatawanya mwanga, ila likipanda hadi sentimita 202 chini ya dari la sentimita 240, linabaki na sentimita 38 tu juu yake. Darini panatokea duara moja jeupe kali, na sehemu kubwa ya ukuta inabaki nusu giza. Mteja anadhani balbu ni dhaifu, anaweka yenye nguvu zaidi, na duara linazidi kuwa kali.

Taa ya bomba ndiyo inayoumiza macho kuliko zote, na hapa tatizo limo kiwandani, si ukutani. Tundu la chini lina upana wa sentimita 8, na sahani ya LED iliyojaa upana huo imekaa sentimita 2 tu ndani. Kwa uwiano huo wa 8 kwa 2, jicho lililo chini ya tundu linaiona LED kutoka umbali wa hadi mara nne ya tofauti ya kimo. Tundu likiwa sentimita 170 na macho ya aliyekaa yakiwa 115, tofauti ni 55. Kwa hiyo kila aliyekaa ndani ya sentimita 220 kutoka chini ya taa anachomwa macho. Sahani hiyo ikirudishwa ndani hadi sentimita 6, umbali huo unapungua hadi sentimita 73 hivi, mahali ambapo ni nadra kochi kuwekwa. Sentimita 4 za bomba ndizo zinazotenganisha taa ya sebuleni na taa inayofunikwa kwa karatasi baada ya wiki. Mkiona gharama ya kurefusha bomba ni kubwa, wekeni wavu wa vijichumba au kioo cha ukungu.

Karatasi haisemi pia kwamba taa ya bomba inamwaga mwanga ukiparuza ukuta. Mwanga wa namna hiyo hupendeza kwenye mawe au matofali yaliyoachwa wazi. Kwenye lipu ya kawaida unafichua kila alama ya mwiko, kila kiungo cha jipsamu na kila kiraka. Sentensi moja ingemtosha mnunuzi: ukuta usionyooka, chagua taa inayotawanya mwanga.

Chumbani, sentimita 180 ni kichekesho. Picha ya boksi inaonyesha taa ya mkono kando ya kitanda, na kwa kazi hiyo inafaa kweli. Lakini kitandani kimo hakipimwi kutoka sakafuni, kinapimwa kutoka juu ya godoro, kwa kuwa vitanda havilingani. Katikati ya mwanga iwe sentimita 60 hadi 75 juu ya godoro, kulingana na mtu anavyoegemea. Bamba liwe sentimita 15 hadi 20 nje ya ukingo wa godoro ili mkono uingie na kutoka bila kugonga ubao wa kichwani. Godoro likiwa kwenye 60, mwanga unaangukia kati ya 120 na 135. Mkifuata karatasi yenu, mwanga unatoka zaidi ya mita moja juu ya godoro: anayesoma anatia kivuli cha kichwa chake kwenye kitabu, na aliyelala pembeni anapigwa usoni. Swichi nayo iko kwenye bamba, ambapo mtu hawezi kuifikia hadi apige magoti kitandani. Kwa kusoma, lumeni (kipimo cha kiasi cha mwanga) 300 hadi 500 zinatosha kofia ikielekezwa vizuri, na kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000 ni rangi ya kupumzikia. Boksi lenu limeandika wati peke yake. Wati za LED hazimwambii mtu kiasi cha mwanga anaonunua wala kama utakuwa wa manjano au wa buluu.

Bafuni kuna makosa mawili, na la kwanza ni zito. Boksi linaonyesha taa ya tungi juu ya beseni la kuogea, na lebo iliyobandikwa chini ya boksi hilohilo imeandikwa IP20, IP ikiwa ni alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. Tarakimu ya pili, sifuri, maana yake ni kwamba taa haina kinga yoyote dhidi ya maji. Kwa kanuni za kimataifa za IEC 60364-7-701, eneo lililo juu ya beseni au bafu la mvua hadi sentimita 225 kutoka sakafuni, pamoja na sentimita 60 zinazofuata kando yake, linahitaji angalau kinga ya maji ya kurushwa, yaani tarakimu ya pili iwe 4, kama kwenye IP44. Ondoeni picha hiyo au badilisheni taa.

Kosa la pili ni la mpangilio. Mmechora taa moja juu ya kioo cha kujitazamia. Taa hiyo hutia kivuli chini ya nyusi, pua na kidevu, pale hasa mtu anapotaka kuona akinyoa au akijipaka. Taa mbili kando ya kioo, katikati ya mwanga ikiwa kwenye sentimita 160 hadi 165 na zikiachana sentimita 70 hadi 90, zinamulika uso kutoka pande zote. Kama nafasi ni ya taa moja tu, iwe ndefu, isipungue sana upana wa kioo.

Kuhusu korido, tunaomba jambo moja: andikeni taa inatokeza kiasi gani kutoka ukutani. Tungi lenu linatokeza sentimita 19. Viwango vya ADA vya Marekani, vinavyolinda watu wenye ulemavu, haviruhusu kitu cha ukutani kwenye njia ya kupita kutokeza zaidi ya inchi 4, kama sentimita 10, kikiwa kati ya inchi 27 na 80 kutoka sakafuni. Nyumba binafsi hailazimiki kufuata hilo, lakini bega la mtu ni lilelile. Ngazini pia, kimo hupimwa kutoka ukingo wa kipandio kilicho chini ya taa, si kutoka sakafu ya chini.

Kiolezo cha kutobolea kimeandikwa kuwa ni kipimo halisi. Si kweli. Mstari ulioandikwa milimita 100 una milimita 94, hivyo matundu yanayopaswa kuachana milimita 60 yanatua kwenye 56, na bamba halikubali. Anayekitumia anatoboa mara mbili, na matundu mawili yaliyokaribiana kiasi hicho yanakuwa shimo moja lisiloshika kitu. Bamba lenyewe lina matundu yanayoachana milimita 60 peke yake, wakati maboksi ya umeme ya duara yenye matundu yanayoachana milimita 51 nayo yamejaa kwenye nyumba. Mfereji mdogo badala ya tundu la duara ungepokea yote mawili.

Fisha mnazotoa, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani, zina urefu wa milimita 25. Lipu ya milimita 15 inameza zaidi ya nusu, na tofali linabaki na milimita 10. Kwa taa ya bomba huenda pakatosha. Kwa taa ya mkono hapatoshi kamwe: uzito wa kilo 1 ulio sentimita 40 kutoka ukutani, kwenye bamba ambalo skrubu yake ya juu iko sentimita 8 kutoka ukingo wa chini, unaivuta skrubu hiyo kwa nguvu ya kama kilo 5, hapo mtu hajaushika mkono kuuvuta. Fisha ya milimita 50 yenye skrubu yake ndiyo kiasi, na kwa ukuta wa jipsamu wekeni aina inayofunguka nyuma ya ubao, au semeni wazi kwamba ubao wa mbao utangulizwe ndani.

Boksi limeandika pia kwamba taa inafaa kwa swichi ya kupunguza mwanga, bila kutaja aina wala mzigo wa chini. Swichi nyingi zilizotengenezwa kwa balbu za nyuzi hazitulii chini ya wati 40 au 60. Taa zenu mbili za wati 6 ni wati 12: zitapepesa, au zitabaki na mwanga hafifu hata zikizimwa.

Tunaomba yafuatayo. Uuzaji wa taa ya mkono usimame hadi iwe na skrubu ya ethi na mpira kwenye kiungo, na walioinunua waarifiwe waikate kwenye umeme na kuirudisha bila gharama yao. Kila taa iwe na karatasi yake, yenye umbali wa bamba hadi balbu, kiasi inachotokeza, uzito, lumeni, kelvini, IP na daraja la kinga. Kiolezo kichapishwe upya na mstari wake upimwe kwa rula kabla ya kutumwa. Waliokwisha kuifunga taa ya tungi juu ya beseni wapewe yenye IP44 kwa kubadilishana.

Tunasubiri jibu kwa maandishi, likiambatana na mchoro uliosahihishwa, kabla ya shehena nyingine kufika madukani.

Wenu,
Mafundi umeme na wapangaji wa mwanga