Vitabu vya injini za zamani vichapishwe tena

Mhariri, naomba nafasi niseme hili maana linaniuma sana. Nina Land Cruiser ya injini ya 2F, silinda sita, ujazo wa cc 4,230, sasa fundi akaseti nafasi za valvu kwa kusikiliza mlio tu eti sikio lake halikosei, matokeo yake valvu moja ya ekzosi ikaungua ukingoni. Kumbe kitabu cha sevisi kinasema wazi, injini ikiwa ya moto nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.20 na ya ekzosi 0.35, fila geji, yaani kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo. Na usichukue vipimo vya ile injini ya F iliyotangulia 2F jamani, kipenyo cha silinda zake ni milimita 90, hizi za 2F 94, ringi za pistoni haziingiliani kabisa. Watengenezaji wavichape tena vitabu hivi, injini bado zinapiga kazi na mafundi wanakisia tu.

Msomaji wenu