Kampuni ya intaneti imeniletea zawadi, nami nimekosa amani

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu bahasha iliyo kwenye droo yetu, wiki ya tatu sasa. Usicheke. Bahasha hiyo imenigombanisha na mume wangu, imemfanya mdogo wangu aniite mshamba, na juzi nimegundua imefika mpaka kwa mama mkwe.

Iko hivi. Intaneti ya nyumbani tunalipia kampuni moja, sitaitaja, mwaka wa sita huu. Miezi miwili iliyopita ilikatika siku tisa mfululizo. Nilipiga simu hadi nikachoka, nikaandika malalamiko, nikajibiwa "tunaomba radhi kwa usumbufu", yakaishia hapo. Kisha, bila taarifa yoyote, ikaja bahasha yenye nembo yao. Jina langu lilikuwa limeandikwa lote, hata lile la katikati ambalo majirani hawalijui. Ndani mlikuwa na kadi ya plastiki, kama ya benki, na karatasi inayosema: asante kwa kuwa nasi, pokea zawadi hii. Thamani yake inakaribia bili ya miezi miwili! Ila kadi haifanyi kazi mpaka uisajili. Unaskani msimbo wa QR, au unaingia kwenye tovuti waliyoandika, kisha unajaza namba yako ya mteja, tarehe ya kuzaliwa, simu na barua pepe. Nimepewa siku 30.

Tovuti yenyewe si ile ya kampuni. Jina la kampuni limo, lakini limeungwa kwa kistari na neno jingine la mambo ya zawadi. Na nyuma ya kadi kuna jina la benki ambayo sijawahi kuisikia.

Mume wangu alifurahi papo hapo. Anasema hiyo ni fidia ya zile siku tisa, wameona aibu. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, akasema tupa. Akatusimulia kwamba mwaka 2020 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu barua zilizokuwa zikitumwa kwa posta, ndani zikiwa na kadi ya zawadi ya Best Buy, maduka ya vifaa vya elektroniki ya huko, pamoja na flashi. Barua ilidai kwamba kwenye flashi kuna orodha ya vitu unavyoweza kununua kwa kadi hiyo. Ukiichomeka, kompyuta inadhani ni kibodi, na flashi inaanza kujiandikia amri yenyewe. Waliotajwa kuhusika ni kundi la wahalifu liitwalo FIN7. Nikamwambia bahasha yangu haina flashi. Akajibu, "Ina QR. Vyote viwili vinakuingiza mahali kabla hujapaona."

Mume wangu naye hakubali kushindwa na shemeji. Siku ya pili akaja na kisa chake. Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilitoa sasisho bovu lililoangusha kompyuta za Windows dunia nzima, Microsoft walikadiria milioni 8.5. Baadaye CrowdStrike wakawatumia washirika wao kuponi ya dola 10 ya Uber Eats, huduma ya kuagiza chakula, kuwaomba radhi. Baadhi yao walipojaribu kuitumia walikuta imefutwa. Kumbe kuponi ilikuwa ya kweli kabisa, ila ilitumika kwa wingi mno hata Uber wakaiona kama utapeli wakaizuia. "Unaona?" akasema. "Zawadi ya kweli nayo hufanana na wizi." Alidhani amemshinda mdogo wangu. Mimi ndiye niliyebaki sina pa kushika.

Maana, Shangazi, kila dalili ninayoitazama ina sura mbili. Wanalijua jina langu, lakini taarifa za wateja huvuja kila kukicha. Tovuti ina ile alama ya kufuli, lakini nimeelezwa kuwa kufuli linaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Halikuambii unayewasiliana naye ni nani, na tapeli naye hulipata bila gharama. Upande wa pili, kampuni nyingi hazitengenezi kadi hizi zenyewe. Zinampa kazi wakala, na kadi inatolewa na benki nyingine kabisa, kwa hiyo tovuti ngeni na benki ngeni hazithibitishi uongo. Kinachoniudhi ni kwamba kampuni hiyo hiyo hunitumia ujumbe kila mwezi: usifungue viungo usivyovijua, usimpe mtu taarifa zako. Nimewasikiliza miaka yote hiyo, halafu leo zawadi yao, kama ni yao, inanitaka nifanye yale yale waliyonikataza.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Namba niliichukua kwenye bili, si kwenye ile karatasi, hilo unipongeze. Dada wa kwanza akasema hawana promosheni kama hiyo, nisiitumie. Kesho yake kijana mmoja akaniweka kwenye muziki dakika kumi, akarudi: "Ni ya kwetu, mama, ni ya idara ya masoko." Nikamwomba anitumie barua pepe yenye maneno hayo. Akasema hawana utaratibu huo. Nikamwambia basi kama mnataka kunipa, kateni kwenye bili yangu, akaunti yangu mnayo, shida ya kujaza fomu ni ya nini? Akacheka. Mfumo hauruhusu. Mara ya tatu niliombwa nisome namba ya kadi ili waihakiki, nikakata simu. Baadaye nikajilaumu, kwa sababu ni mimi niliyewapigia, na kwa namba ninayoiamini. Sijui hapo nilikuwa makini au nilikuwa mjinga.

Kuna jambo jingine ambalo mume wangu analiita uwakili wa bure. Maandishi ya nyuma ya karatasi ni madogo kama chungu, nikayakuza kwa simu. Yanasema salio linafutika baada ya miezi sita. Hilo si neno, ni zawadi. Lakini yanasema pia kwamba kwa kusajili kadi, mteja "anakubali masharti ya sasa ya huduma". Mkataba wangu uliisha zamani, nalipa mwezi kwa mwezi, na tangu zile siku tisa nimekuwa nikifikiria kuhama. Je, nikisajili kadi nitakuwa nimetia saini mkataba mpya bila kujua? Yaani hata ikiwa ya kweli huenda ni kamba ya kunifunga. Hilo ndilo linaloninyima usingizi zaidi kuliko matapeli.

Sasa mama mkwe. Naye ni mteja wao, naye alipata bahasha, na hakumuuliza mtu. Aliskani, akajaza yote, na walipomwambia afungue akaunti akaweka nenosiri lile lile analotumia kwenye barua pepe yake. Aliambiwa asubiri siku saba za kazi. Zimepita kumi, kadi bado haifanyi kazi. Nilikwenda tukabadilisha nenosiri la barua pepe, tukaweka uthibitisho wa pili kwa simu, na akawaambia benki yake waangalie akaunti. Mpaka sasa hakuna kilichopotea. Lakini ananiuliza kila siku, "Kwani nimeibiwa?", na mimi sina jibu. Nikisema ndiyo na isiwe hivyo, nitamdhalilisha bure. Nikinyamaza, ataendelea kujaza kila kinachokuja. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi kama nenosiri, Shangazi.

Nikuambie na kilichonifikisha hapa, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kabla sijaolewa nilipigiwa simu kwamba nimeshinda, nitume ada kidogo ili zawadi itoke. Nikatuma. Wakaomba tena, nikatuma tena. Mume wangu halijui hilo, na ndiyo sababu nakuomba jina langu lisitoke.

Kwa hiyo nisaidie. Nikienda ofisini kwao na kadi mkononi, niombe nini hasa ambacho hawawezi kunipa kwa mdomo tu? Nikiwaandikia rasmi kuuliza kama kusajili kadi kunanifunga kwenye mkataba, wanalazimika kunijibu, au nitaambiwa tena kuhusu mfumo? Na mama mkwe nimwambie nini, kwa maneno gani, asione namdharau?

Zile siku 30 zinaisha Ijumaa ijayo, na mume wangu ameshaanza kuulizia ufunguo wa droo uko wapi.

Mwanao,
Mwenye Bahasha Kwenye Droo