Barua kwa Nassor kuhusu ile Chevelle

Ferndale, Michigan

Ndugu yangu Nassor,

Assalaam alaykum warahmatullah wabarakatuh. Ujumbe wako wa sauti ulinifikia usiku nimeshalala. Niliamka nikausikiliza, na asubuhi nikausikiliza tena. Nimefurahi kusikia goti limepoa na kwamba Said amemaliza chuo. Mpe hongera zangu, na shemeji mfikishie salamu.

Sasa hili la Chevelle, ile gari ya Chevrolet unayotaka kuinunua. Unasema ni ya mwaka 1970, nyekundu, ina mistari miwili myeusi kwenye boneti, iko Seeb, hapo Oman, kwa mtu anayeiita “SS 454 halisi”, yaani Super Sport yenye injini ya inchi za ujazo 454 iliyotoka nayo kiwandani, na bei aliyoitaja mtu angejengea nyumba. Umeniuliza ununue au uache. Sikutaka kukujibu kwa simu. Kazi hii ya kuuza gari za zamani nimeifanya miaka mingi, na jibu lake ni refu. Nakuomba jambo moja tu: usitoe hata riyali moja ya arubuni mpaka umalize kuisoma barua hii.

Unaikumbuka baraza yetu pale Vuga, Unguja? Tulikuwa tukikaa asubuhi kusubiri yule mzee awashe gari yake, ile Ford Zephyr. Wewe ukisema silinda moja haichomi, mimi nikibisha, na tukichelewa skuli kwa ubishi huo. Masikio yale ndiyo mtaji niliokuja nao Detroit mwaka 1981. Nilikuja kusoma uhasibu. Nikapata kazi ya kuosha magari katika yadi moja karibu na barabara ya Woodward ili nilipe ada, na baada ya miezi michache ada yenyewe nikaacha kuilipa.

Wakati ule gari hizi hazikuwa dhahabu. Zilikuwa gari kuukuu zenye kiu ya petroli. Enzi yake ilianza mwaka 1964, pale Pontiac walipochukua gari ya ukubwa wa wastani wakaitia injini kubwa ya inchi za ujazo 389 na kuiita GTO, na ilikwisha haraka kuliko watu wanavyodhani. Bima za vijana zikapanda mpaka zikaumiza. Mwaka 1971 General Motors wakapunguza mgandamizo wa injini zao ili zitumie petroli yenye madini ya risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, na Oktoba 1973 ikaja ile shida ya mafuta unayoijua wewe upande wa huko yanakotoka. Mwaka 1981 mtu alikuwa akileta GTO yake yadini kwa aibu, kama anayemleta mtoto mtundu kwa mwalimu, na akiondoka na gari ndogo ya Kijapani.

GTO ya kwanza kuiendesha ilikuwa ya mwaka 1966, ya buluu. Bosi alinirushia funguo niipeleke kutiwa petroli, mwendo wa dakika tano. Ina kabureta tatu zimepangwa mstari mmoja, na ukienda pole pole inafanya kazi ile ya kati peke yake. Unaweza kuipeleka sokoni na bibi yako amekaa nyuma asijue chochote. Mimi nikaingia barabarani, gia ya pili, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Zile kabureta mbili za pembeni zikafunguka. Nassor, sijui nikueleze vipi. Mngurumo haukutokea mbele wala nyuma, ulitokea chini ya kiti, ukapanda mgongoni. Kisha taa ikawa nyekundu, nikajua nusu ya pili ya somo: breki zilikuwa za ngoma magurudumu yote manne, na gari ile ilikuwa na nguvu za farasi 360. Nilisimama katikati ya makutano, moyo unanienda mbio. Nikairudisha yadini mwendo wa mazishi. Siku ile ile nikamwambia bosi sitaki tena kuosha, nataka kuuza.

Kuuza kwenyewe kulikuwa kusikiliza zaidi ya kusema. Woodward inatoka katikati ya Detroit mpaka mji wa Pontiac, na katika miaka ya sitini vijana walikuwa wakishindana pale usiku, kutoka taa hadi taa, na wahandisi wa viwandani nao wakija na gari zao za majaribio kupimana nao. Mimi nilizikuta hadithi tu. Lakini kila mteja alikuja na yake. Mmoja alikuwa na miaka kumi na minane, hakuwa na pesa, akawa anasimama kwenye mgahawa wa Ted's kutazama za wenziwe. Mwengine aliiuza yake siku alipoitwa jeshini. Nilijifunza kutotaja bei kwanza. Nilikuwa nikimuuliza mtu: ilikuwa rangi gani? Akishaitaja rangi, mengine alikuwa akiyasema mwenyewe.

Kuna moja sijakuambia mpaka leo, na nakuambia kwa sababu inahusu hii yako.

Mwaka 1986 alikuja mama mmoja wa makamo na Plymouth Road Runner ya mwaka 1969, ya kijani, injini ya 383, gia nne za mkono. Ilikuwa ya kaka yake. Aliinunua aliporudi kutoka Vietnam, akaiendesha miaka michache, kisha akaugua akafa. Mama yao akakataa isiguswe, ikakaa gereji miaka tisa imefunikwa mablanketi. Nilikwenda na fundi wetu kuichukua. Petroli ndani ya tangi ilikuwa imegeuka gundi, panya walizalia kwenye mirija ya hita, lakini chini ilikuwa safi, haina kutu hata kidogo, jambo la ajabu kwa Michigan, maana hapa barabara humwagiwa chumvi msimu mzima wa baridi. Tulitia betri mpya, tukasafisha kabureta, tukaileta petroli kwa dumu. Ikawaka mara ya nne.

Yule mama hakutaka kuiendesha. Aliomba jambo moja, apige honi. Unajua honi ya Road Runner? Plymouth waliwalipa Warner Bros. dola 50,000 kwa jina na picha ya yule ndege wa katuni, wakatengeneza na honi inayoiga mlio wake, biip-biip. Aliibonyeza mara mbili, akacheka, kisha akaufunika mdomo kwa mkono. Akaniambia: mpe mtu atakayeitunza.

Nilimpa kijana aliyeniahidi hivyo. Alinitazama machoni, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, ilikuwa mwisho wa mwezi. Baada ya miezi sita nilipita uani kwa karakana moja nikaiona. Haikuwa na injini, haikuwa na gia boksi, milango imeondolewa. Alikuwa ameichinja na kuiuza vipande vipande. Na yule mama alipiga simu siku ya Krismasi kuniuliza hali yake, nikamwambia iko salama. Nimeubeba uongo huo tangu siku hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia “halisi”, mimi naikumbuka ile injini ya 383. Iko mahali fulani ndani ya gari nyengine, na huenda mtu ameipiga muhuri wa nambari isiyo yake, na baba wa watu kama wewe amepewa karatasi inayosema imezaliwa nayo.

Basi fanya hivi. Nambari ya chesisi utaiona juu ya dashibodi, kupitia kioo cha mbele. Ikianza na 13637 na kufuatiwa na 0, ni Malibu, yaani Chevelle ya kawaida, ya mwaka 1970 ya milango miwili na silinda nane, na haikuambii zaidi ya hapo. Kwa mwaka ule SS kilikuwa kifurushi tu mteja alichoongeza, hakionekani kwenye nambari. Yeyote anayekuonyesha nambari hiyo kama ushahidi wa SS, ama hajui ama anajua sana. Pontiac ina bahati, kumbukumbu za kiwanda zipo na mtu anaweza kuagiza karatasi za GTO yake. Kwa Chevelle itabidi uitafute karatasi ya kiwandani ndani ya gari yenyewe, mara nyingi juu ya tangi la petroli au kwenye springi za kiti, ikiwa panya hawajaila. Ukiipata, linganisha nambari yake na ya gari, maana viwandani nyakati nyengine waliacha karatasi ya gari jirani.

Kisha injini. Simama mbele, tazama upande wa abiria, chini kidogo ya kichwa cha silinda, kuna sehemu tambarare iliyopigwa herufi. Ikiwa ni LS6, ile 454 ya nguvu za farasi 450 anayojisifu nayo, mwisho wake usome CRV kwa gia za mkono au CRR kwa otomatiki. Na bloku ya injini, yaani chuma chake kikuu, iwe na tarakimu za mwisho za nambari ya chesisi. Pitisha ukucha juu ya ile sehemu tambarare. Kiwandani mashine iliacha mistari myembamba sana. Ikiwa laini kama kioo, kuna mtu ameisugua.

Chukua sumaku, izungushe kitambaa usichubue rangi, uipitishe nyuma ya magurudumu ya nyuma na kuzunguka kioo cha nyuma. Pale isiposhika pana puti. Inua zulia la buti. Kutu unaijua, umekulia pwani.

Sasa nikuambie ninachodhani hasa unakitafuta. Unaitafuta ile Jumamosi ya Agosti 1995. Ulikuja na shemeji, Said bado mchanga, na watu wa hapa Ferndale walikuwa wametangaza matembezi ya magari ya zamani ili wapate pesa za kuwatengenezea watoto uwanja wa mpira. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika. Walikuja watu wanaokadiriwa kufika 250,000. Mimi na wewe tulikuwa ndani ya Chevelle ya yadi, ya kijivu, madirisha yote chini, na tulitumia saa mbili kwenda maili chache. Wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya barabara wakitupungia. Kisha jioni, barabara ilipofunguka kule kaskazini, nikakupa usukani. Ulipotia gia ya tatu ulipiga kelele kwa Kiswahili cha Vuga ambacho sikukisikia tangu tuvae kaptula.

Siku ile ulishuka ukasema hakuna kama 454. Sikukusahihisha kwa sababu ulikuwa na furaha sana. Gari ile haikuwa 454. Ilikuwa SS 396, na hata hiyo 396 ilikuwa jina tu, maana mwaka 1970 Chevrolet walikuwa wameshaikuza injini ile mpaka inchi 402 wakaacha kibandiko cha zamani. Tena injini iliyokuwamo haikuwa ya kuzaliwa nayo. Mwenyewe alituambia alipotuletea, tukaiandika kwenye karatasi ya mauzo, na ikauzwa kwa bei ya haki kwa mwalimu mmoja ambaye bado anayo. Namwona nayo kila mwaka.

Kwa hiyo ikiwa nambari za huyo bwana zinalingana zote, bei yake ni bei ya sokoni na uamuzi ni wako, ingawa naogopa utaifungia gereji usiiguse. LS6 ina mgandamizo wa 11.25 kwa 1, haitaki petroli ya kawaida, na Julai ya Maskati itakudai rejeta kubwa. Ikiwa hazilingani lakini bodi ni nzima na akakubali kushuka mpaka bei ya Malibu nzuri iliyotiwa injini kubwa, inunue. Hiyo ndiyo utakayoiendesha na Said mpaka Nizwa na kurudi.

Nenda asubuhi, bila kumpigia simu kwanza. Kabla hajagusa funguo, weka mkono juu ya injini. Nataka iwe baridi kabisa. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika ili usisikie inavyoamka, mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, nipigie hata kama huku ni usiku wa manane. Kanyaga mafuta mara moja mpaka chini, uachie, washa, kisha nenda nyuma uisogeze simu kwenye eksozi. Usiseme kitu. Niache nisikilize.

Ndugu yako,
Khamis