Baba, nimeuona Shengena huku Manchester

Manchester,
Jumapili usiku

Baba mpendwa,

Shikamoo. Na Mama naye shikamoo, maana najua mmekaa wote wawili barazani na yeye ndiye anayekusomea. Mama, soma polepole, na ukifika kwenye majina ya vituo usiruke hata kimoja.

Sisi huku wazima. Zamu za usiku zimeisha wiki iliyopita, kifua kimepona, na ile kodi ya chumba nimeshalipa, msiwe na wasiwasi. Ningeweza kupiga simu kama kawaida, lakini jambo hili nimetaka mlishike mkononi. Ndani ya bahasha kuna picha nne. Nimezisafisha kubwa kwa sababu ya macho ya Baba.

Baba, unakumbuka tulipokuwa wadogo ulivyokuwa ukituambia kwamba ulipokuwa Kenya ulilisha moto mlima Shengena, kutoka Mombasa mpaka Nairobi? Kaka alikuwa anasema mlima hauna magurudumu, sote tunacheka, na wewe hubishani, unaendelea kumenya muwa wako. Asubuhi tukitoka nje tunauona Shengena pale pale ulipo, juu ya misitu ya Chome, haujasogea. Tukakua tukijua ni hadithi ya kulalia.

Jana nimeusoma kwa macho yangu: MOUNT SHENGENA, herufi za shaba kwenye ubavu wa kichwa cha treni. Baba, nisamehe kicheko kile.

Sasa nianze mwanzo. Mnajua nina ubao wangu wa treni ndogo juu ya kabati la nguo. Mama aliwahi kuniuliza kama si mchezo wa watoto. Mama, huku wanaoufanya ni watu wazima, wengi wao wastaafu, nao wanajua kushona, kulehemu, kupaka rangi na kufunga nyaya za umeme kama mafundi wa kweli. Ubao wangu una urefu wa sentimita 120 tu, na treni zake zimepunguzwa mara 160, kwa hiyo reli ina upana wa milimita 9. Chumba changu hakiruhusu zaidi. Kila Alhamisi nisipokuwa kazini huenda kwenye chama chetu, na huko ndiko nilikokutana na mzee mmoja mpole sana, aliyenisikia nikisema baba yangu alikuwa reli ya Afrika Mashariki. Aliweka kikombe chake cha chai chini. Akaniuliza, "Kituo gani?" Nikamwambia alikaa zaidi Voi. Akanikaribisha kwake Jumamosi inayofuata.

Treni zake ziko gerejini. Gari lake linalala nje mwaka mzima, mvua na theluji. Ukifungua mlango unakuta ubao umezunguka kuta tatu, tena hauko chini kama meza, uko kimo cha kifua changu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema ukiitazama treni kutoka juu unaitazama kama ndege, ila ikija usawa wa macho unaitazama kama mtu aliyesimama kituoni na mzigo wake. Nami nilisimama pale, Baba, nikawa mtu wa kituoni.

Ni Voi. Voi ya miaka ya sitini, wakati reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Vipimo vyake vimepunguzwa mara 87. Reli yetu ya mita moja ukiigawa hivyo unapata milimita 11 na nusu; yeye ametumia reli ya milimita 12, na tofauti hiyo jicho haliioni. Mdogo wangu anayependa hesabu apige hii: kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 530, na hata ukizipunguza mara 87 bado ungehitaji ubao wa zaidi ya kilomita 6. Ndiyo maana ameichagua Voi peke yake. Na ameichagua kwa sababu hapo ndipo inapochepuka njia ya Taveta, inayokuja Kahe hadi kwetu. Njia hiyo ameiweka kwenye kona ya kushoto. Inatoka kituoni, inapinda kati ya vichaka, inakwenda kama nusu mita, halafu inapita kwenye tundu la ukuta uliochorwa anga na milima ya mbali. Nyuma ya tundu hilo hakuna kitu, ni ukuta wa matofali na ndoo za rangi. Lakini nilijikuta nimeinama natazama ndani ya tundu lile, kana kwamba nikichungulia vizuri nitaona taa za Same.

Udongo ameupata sawasawa. Ni mwekundu ule ule wa Tsavo, unaowafanya hata tembo waonekane wekundu. Amesaga matofali ya zamani, akachekecha kwa soksi ya kike, akamwaga juu ya gundi. Vilima amevijenga kwa maboksi na ile bandeji ya plasta wanayofungia mifupa iliyovunjika, naifahamu vizuri kwa kazi yangu. Majani makavu chini ya miti ni majani ya chai aliyokwisha kunywa na kuyaanika. Nyasi amezisimamisha kwa umeme: unanyunyiza nyuzi ndogo juu ya gundi mbichi huku kifaa kikizipa chaji, nazo zinasimama wima moja moja kama nyasi za kweli.

Halafu akafungua kabati, akatoa sanduku refu lililotandikwa sifongo.

Baba, wewe uliifahamu ikiwa na tani 252 na joto lake lote. Hii ina sentimita 36. Lakini ilipowekwa relini sikuona kitu kidogo. Rangi yake ni damu ya mzee, ile yenyewe. Ina magurudumu yake 28, nimeyahesabu. Tangi la maji mbele, boila katikati, nyuma mafuta. Mdogo wangu, kwa faida yako: boila lilining'inia katikati likilisha mvuke mashine mbili, moja mbele moja nyuma, na kila moja inajigeuza peke yake kwenye kona. Hivyo kichwa kirefu kama kile kiliweza kupinda kwenye reli ya mita moja na kuusambaza uzito wake. Aliyebuni mpango huo aliitwa Garratt, na kiwanda cha Beyer Peacock cha hapa hapa Manchester, mtaa wa Gorton, kilitengeneza cha kwanza mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Miaka ya 1955 na 1956 wakatutengenezea sisi vichwa 34, vyote vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Havikuwahi kutokea vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivyo kwenye reli ya mita moja popote duniani. Kiwanda kilifungwa mwaka 1966.

Baba yake mzee huyu alikuwa fundi wa kiwanda hicho. Wakati vichwa hivyo vinatengenezwa, yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka tisa. Baba yake alikuwa akirudi jioni na jina jipya, wanalitafuta pamoja kwenye ramani ya shuleni. Kilimanjaro walilipata. Kenya walilipata. Shengena hawakulipata. Jina likamkaa kichwani, na miaka sitini baadaye alipoamua kutengeneza kichwa kimoja kwa mikono yake, kwa mabati membamba ya shaba, kwa jioni za miaka mitatu, hakuchagua Kilimanjaro. Alichagua namba 5930, Shengena.

Ila alikuwa analitamka vibaya. Nikamtamkia, akalirudia mara nne mpaka likakaa. Nikafungua simu nikamwonyesha ile picha niliyopiga Krismasi kutoka mlangoni kwetu, mlima na wingu lake. Hakusema kitu. Alikwenda kuleta lenzi ya kukuzia, akanipa nisome kibao cha jina, maana kila herufi haifiki milimita moja, na yeye akawa anaitazama picha. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anaangalia nusu ya kitu kimoja. Halafu akapiga hesabu kwenye karatasi: mlima wa mita 2,462, ukipunguzwa mara 87, ungekuwa na kimo cha mita 28. Ungetoboa paa la gereji ukaipita nyumba yake mbali sana.

Akanipa kidhibiti. Siku hizi umeme unakaa relini muda wote, na kila kichwa kina kipande chake kidogo cha kompyuta chenye namba. Ukipiga namba hiyo ndicho kinachokutii. Nikabonyeza 5, 9, 3, 0. Kikaanza kupumua. Baba, nilikuwa nimesahau kwamba wewe ulikuwa unatuigizia kwa mdomo: mashine mbili zikianza pamoja, pu, pu, pu, halafu ya nyuma inachelewa kidogo, sauti zinapishana, unadhani ni treni mbili, kisha zinakutana tena. Ndivyo kinavyolia. Ulikuwa unaiga sawasawa.

Nilikiendesha kutoka Mombasa, yaani kutoka kwenye rafu iliyofichwa nyuma ya pazia, mpaka kituoni. Kinakuja taratibu sana. Mzee hapendi mwendo wa kasi. Anasema tani elfu moja na zaidi hazianzi kama baiskeli. Kilipofika mahali reli inapogawanyika kikazimika. Moyo wangu ukaruka, nikadhani nimekiharibu. Kumbe ni vumbi tu. Akafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, kikaendelea.

Sasa nisiseme yote ni mazuri, kwa sababu aliniomba mwenyewe nimwambie ukweli. Mibuyu yake ni laini mno, haina makovu. Na watu wa kituoni ndio walionisikitisha. Amenunua sanamu za Ulaya, akazipaka uso wa kahawia, lakini wamevaa makoti ya baridi na kofia za sufu. Voi! Hakuna mama mwenye mtoto mgongoni, hakuna muuza ndizi, hakuna mtu aliyelalia gunia lake akisubiri treni ya usiku. Nilimwambia kituo kisicho na wauzaji si kituo cha kwetu. Alikubali mara moja. Akanipa sanamu sita za wanawake nije nazo nyumbani. Kila mmoja ana kimo cha sentimita mbili hivi. Nimekwisha kuwakwangua makoti kwa wembe, na usiku huu, kabla ya kuandika, nimemvika mmoja kanga kwa tishu iliyolowekwa kwenye gundi, nikampaka pindo nyeusi na mji mwekundu kwa brashi yenye unywele mmoja. Mahali pa jina nimeweka nukta saba tu. Mama, nilikuwa nakuwaza wewe na kanga yako ya kwenda sokoni Same.

Na kitu kimoja zaidi, ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike. Nyuma tu ya kichwa, kabla ya mabehewa ya mizigo, ameweka lile behewa la kulala wafanyakazi. Anajua kwamba mlikuwa mnasafiri timu mbili, moja inaendesha na nyingine inalala, mnapokezana njiani. Nje amelitengeneza vizuri, lina madirisha na ngazi. Alipoinua paa, ndani hamna kitu. Vitabu alivyo navyo vina michoro ya kila skrubu ya injini, lakini mle mlimokuwa mnaishi nyinyi hakuna aliyemchorea. Ameliacha tupu miaka mitano kwa sababu hataki kubuni. Nilipomwambia kwamba baba yangu alilala humo kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, akashika kiti akakaa.

Kwa hiyo Baba, ameniomba nikuulize, na nimeandika kama alivyoniambia. Vitanda vilikuwa vingapi, na vilikuwa juu na chini au sambamba? Jiko lilikuwa la mkaa au la mafuta ya taa, na lilikaa upande gani? Maji ya kunywa mliyaweka wapi? Nguo zenye grisi mlining'iniza ndani au nje? Mimi nimeongeza swali langu: ule ugali wenu wa usiku uliokuwa ukitusimulia, mliusonga treni ikienda au mlingoja isimame?

Mwambie mdogo wangu achore wewe ukimwelekeza, hata kwa penseli, halafu apige picha aitume. Na akurekodi ukiiga ule mlio wa mashine mbili, usione haya. Sauti iliyomo kwenye treni ya mzee imechukuliwa kwa kichwa cha aina nyingine, na yeye anajua haijatimia.

Picha ya kwanza ni kituo. Ya pili ni njia ya kwetu ikiingia ukutani. Ya tatu ni mimi na kidhibiti. Ya nne ni kibao cha jina nilichokipiga kupitia lenzi. Imetoka na ukungu kidogo pembeni, lakini Mama atakusomea. Nikipata likizo mwezi wa nane nitapitia Nairobi kabla ya kuja. Shengena yenyewe ipo pale kwenye makumbusho ya reli, imesimama pamoja na mwenzake Gelai. Kama magoti yatakuruhusu, panda basi la Namanga tukutane huko, unionyeshe ulikuwa unakaa upande gani.

Wasalimie wote, na bibi wa jirani pia.

Mimi binti yenu