Shangazi asisubiri

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama shangazi, anayetibiwa saratani, asubiri tiba mpya ya vimeng'enya uliyoisoma. Kwanza nikutoe wasiwasi: kutibu saratani kwa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, si jambo geni. Kimeng'enya kiitwacho asparajinesi kimetumika tangu miaka ya 1970 kutibu saratani ya damu kwa watoto, sambamba na dawa nyingine. Huivunja asparajini, kirutubisho kilichomo kwenye damu, na seli za saratani zisizoweza kujitengenezea ya kutosha hufa njaa.

Habari uliyoisoma wewe inahusu kukipakia kimeng'enya kwenye chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na hapo mimi navutiwa zaidi na kimeng'enya cha glukosi oksidesi. Hutumia glukosi (sukari ya damu) na oksijeni, kikatoa asidi na hidrojeni peroksaidi. Uvimbe wa saratani ni mlafi wa sukari, kwa hiyo unanyimwa chakula. Lakini kimeng'enya hicho kikibebwa na chembe ya oksidi ya chuma, chuma huigeuza ile peroksaidi kuwa radikali, yaani molekuli kali zinazoharibu utando wa seli na hata DNA. Ile asidi nayo inasaidia, maana chuma hufanya kazi hiyo vizuri zaidi penye uchachu. Taka za hatua ya kwanza ndizo silaha za hatua ya pili! Sijaona mchanganyiko wenye akili kuliko huo.

Kasoro zake je? Glukosi imejaa mwili mzima, kwa hiyo kimeng'enya lazima kifungiwe hadi kifike kwenye uvimbe. Tena kinamaliza oksijeni, na tiba ya mionzi inaihitaji. Wapo wanaoongeza katalesi, inayovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Kwa mionzi ni sawa, ila hapo umeila silaha yako mwenyewe. Huwezi kupata vyote.

Na kufika kwenyewe ni kazi. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa majaribio ya wanyama ulikuta kwamba, kwa kawaida, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizoingia kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu.

Kwa hiyo shangazi asisubiri tiba hii. Sehemu kubwa ya michanganyiko ya aina hii bado iko kwa panya wa maabara. Aendelee na dawa alizopangiwa, na akisikia kliniki inauza "tiba ya nano", amwulize kwanza daktari wake.

Msalimie sana.

Wako,
Rehema