Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: mchezo wetu, vichwa vyetu na lile jambo la mdhamini

Wanachama wenzangu habari za majukumu, wazee wetu walezi shikamooni, vijana mambo vipi. Najua wengi mnaisoma hii kwenye simu, wengine mko Mwanjelwa kwenye biashara, wengine Tukuyu, wengine mko Mafinga na Makambako huko na baridi yenu, kwa hiyo mambo mengine nitayapitia fasta tu, ila kuna moja nitakaa nalo sababu ndo limetugawanya mwaka huu na kuna watu mpaka sa hivi hawasalimiani kwa ajili yake. Naongelea gemu yetu ya mpira juu ya viatu vya matairi, tuiongezee hatari au tuiwekee usalama.

Kwa waliojiunga juzi juzi, sisi hapa Mbeya tulianza kama vijana wa viatu vya matairi tu, vile vyenye magurudumu madogo chini (skates), tunazunguka kwenye sakafu ya saruji jioni, basi. Baadae tukaanza kucheza mpira wa mikono tukiwa juu ya matairi, timu mbili, magoli mawili, ukaguswa na mpinzani mgongoni unaachia mpira. Ni mchezo mzuri na watu wa Uyole wanakuja kuangalia hata kama kunanyesha. Sasa mwaka huu kamati ya burudani ikaleta filamu ya zamani, Rollerball, ya mwaka 1975, mwongozaji ni Norman Jewison, tukaifunga kwenye projekta tukaangalia wote. Na toka siku ile kila mazoezi yakiisha stori ni hiyo hiyo.

Walioikosa niwaeleze vizuri sababu uamuzi tunaoenda kuupigia kura umetokea humo. Filamu imetengenezwa 1975 lakini inaongelea mwaka 2018, kwa hiyo kwao ilikuwa mbele sana, kwetu imeshapita. Katika dunia hiyo nchi hazipo tena, vita hamna, njaa hamna, makampuni makubwa ndo yanatawala kila kitu, hii inashika nishati, ile chakula, nyingine usafiri, na mtu wa kawaida haulizi wala hachagui, anapewa tu. Kinachowachangamsha watu ni mchezo mmoja. Njia ya duara iliyoinama kwa pembeni, wachezaji wako juu ya matairi na wengine juu ya pikipiki, kunafyatuliwa mpira wa chuma unazunguka kwa kasi ukutani kule juu, unaukamata, unadaka pikipiki ya mwenzako ikuvute, unakimbiza mpaka kwenye goli. Wamevaa glavu za miiba. Wanapigana kweli kweli na wanakufa kweli, na watu jukwaani wanashangilia.

Mhusika mkuu ni Jonathan E. wa timu ya Houston, kaigiza James Caan. Amekuwa staa, watu wanaimba jina lake, na hapo ndo wakubwa wanapata shida naye, sababu ule mchezo ulianzishwa ili watu waone kwamba mtu mmoja mmoja hana maana, sasa mtu mmoja akidumu na kupendwa kuliko kampuni inakuwaje? Wanamwambia astaafu. Anagoma. Wanafanyaje? Hawamfukuzi. Wanabadilisha sheria za mchezo.

Hapa naomba kila mwanachama aelewe, maana ndo hoja yangu yote. Mechi ya Tokyo wanaondoa adhabu na wanapunguza kubadilisha wachezaji. Mechi ya New York hamna adhabu, hamna kubadilisha mchezaji, na hamna muda wa kumaliza. Hakuna aliyesema tunataka kumuua fulani, wamefuta vipengele tu, kimoja baada ya kingine, na maiti zinaongezeka. Kule Tokyo rafiki yake Jonathan anaitwa Moonpie anazungukwa, anavuliwa helmeti, anapigwa kisogoni. Hafi lakini haamki tena, ubongo umekufa mwili unapumua, wanamletea Jonathan karatasi asaini mashine izimwe, anakataa. Siku ile tunaangalia, kwenye hiyo sehemu ukumbi mzima ulitulia, hata wale wanaopigaga kelele.

Kuna sehemu nyingine wanachama wetu wa Mufindi iliwagusa sana, wale matajiri wametoka kwenye pati alfajiri na nguo zao za gharama, wanachukua silaha wanaichoma miti mirefu, mmoja mmoja, huku wanacheka. Mtu aliyekulia karibu na msitu wa Sao Hill, anayejua mti unachukua miaka mingapi mpaka uwe mti, haangalii hiyo kitu kawaida. Mmoja alitoka nje kabisa. Nilimwelewa.

Sasa turudi kwetu. Baada ya filamu vijana wakagawanyika. Kundi moja likasema tuongeze kasi, tuweke pikipiki, tuweke mpira mzito, watu watajaa na kiingilio kitapanda. Na siwalaumu kwa kuvutiwa, kiukweli zile sehemu za mechi zinavutia, hata wakati filamu inatoka kuna watu walitaka kuanzisha ligi ya kweli ya mchezo ule, na Jewison mwenyewe ilimchukiza maana alitengeneza filamu kuupinga ukatili watu wakatoka wanautaka. Yani miaka yote hiyo na sisi huku Mbeya tumefika kwenye swali lile lile.

Halafu akatokea mdhamini. Simtaji na wala sitaki mtu amtaje kwenye grupu, ila kamati yote ilikaa naye. Alitoa ahadi nzuri, jezi, taa za usiku, posho za wachezaji, zawadi kwa bingwa, na mimi nilikuwa nataka mkataba ule usainiwe maana tunahangaika na taa mnajua wenyewe. Tukafika kwenye masharti. La kwanza wachezaji wasivae helmeti, ili sura zionekane kwenye video. La pili wachezaji wa akiba waondolewe, wanaoanza ndo wanaomaliza, sababu watu wanaobeti wanataka kujua nani yuko uwanjani. La tatu refa asisimamishe mpira mtu akidondoka. Katibu wetu alimuuliza mara mbili, asisimamishe hata akidondoka na kichwa? Akasema hiyo ndo raha yenyewe.

Tulikataa. Tulikataa wote, hakukuwa na kura ya kupinga, na naomba wanaosema mitaani kwamba mwenyekiti alizuia hela za vijana waache, kamati nzima ilikuwepo na muhtasari upo, anayetaka kuusoma aende kwa katibu.

Na nataka niseme kwa nini, maana kuna kijana aliniuliza kwa heshima kabisa, "Mwenyekiti, sheria si zinaharibu tu utamu wa mchezo?" Mdogo wangu, angalia michezo unayoipenda. Mwaka 1970 ndo mara ya kwanza Kombe la Dunia kuruhusu kubadilisha wachezaji. Na bado zilikuwa nafasi mbili tu, ndo maana Beckenbauer, yule mchezaji wa Ujerumani Magharibi, nusu fainali na Italia bega lilitoka akaendelea kucheza mkono umefungwa mwilini, Ujerumani walishamaliza nafasi zao. Watu wanaisimulia kama ushujaa. Mimi naona mtu ambaye hakuwa na pa kwenda. Ngumi nazo, mwaka 1982 Mkorea Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini Las Vegas, pambano la raundi 15, akaangushwa raundi ya 14, akafariki siku chache baadae kwa kuumia ubongo. Baada ya hapo WBC, moja ya mabaraza ya ngumi duniani, wakashusha raundi za ubingwa kuwa 12. Mpira wa miguu mpaka mwaka 2024 ndo sheria za dunia zimeweka kabisa kwamba mashindano yanaweza kuruhusu timu kumtoa aliyegonga kichwa bila kupoteza nafasi ya sabu (mchezaji wa akiba). Ukichimba vipengele vingi vya usalama chini yake unamkuta mtu aliyeumia au aliyekufa. Sasa anakuja mtu na hela anasema futa hiki, futa na hiki. Tunajua anayefuatia ni nani?

Na kwetu imeshatokea. Mlioangalia ile mechi ya mwisho kabla ya mvua mnakumbuka kipa wetu wa timu B alivyoteleza pale kwenye ufa wa sakafu, akarudi kinyumenyume, kisogo kikagonga saruji. Alikuwa na helmeti. Ilipasuka, mimi ninayo nyumbani, ina ufa toka juu mpaka karibu na sikio, nitakuja nayo mkutanoni kila mtu aishike. Akaamka mwenyewe, akasema niko fiti, akadaka mpira, watu wakashangilia. Lakini kapteni wake, binti mdogo kabisa, akamuuliza tunaongoza ngapi? Akataja matokeo ya mechi ya wiki iliyopita. Kapteni akamvua matairi pale pale, yeye mwenyewe, akainama akafungua kamba moja moja huku yule kijana anamgombeza kwamba anamharibia mechi. Timu ikacheza pungufu maana sabu walishaisha, ikafungwa. Usiku ule kijana akatapika, mama yake akampeleka hospitali, wakamlaza wakamwangalia. Leo yuko salama, karudi kazini kwake gereji. Angebaki uwanjani akagongwa tena hali ingekuwa nyingine, kichwa kikigongwa mara ya pili kabla ya kupona ndo hatari kubwa, madaktari walimweleza mama yake na mama akaja kutueleza sisi.

Binti yule namshukuru mbele ya chama chote. Alikubali kupoteza mechi.

Kwa hiyo kamati inaleta mabadiliko ya sheria za mchezo wetu yapigiwe kura. Mchezaji aliyegonga kichwa anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema nini, na sabu wake hahesabiwi. Kapteni yeyote, wa timu yoyote, ana haki ya kusimamisha mpira. Helmeti na pedi za magoti na viwiko ni lazima mpaka mazoezini. Mpira unabaki ule wa mikono wa kawaida, na chombo chenye injini hakiingii uwanjani. Hili la mwisho najua linawauma wa bodaboda wetu, wamekuwa wazuri sana kwenye chama na wengine ndo wachangiaji wakubwa, ila hapana.

Na hapo hapo niseme kitu kwa ukali kidogo. Kuna vijana wameanza kudaka bodaboda kwa nyuma wakiwa na matairi miguuni, kama walivyoona kwenye filamu, na wengine wameonekana wanadandia malori kwenye mteremko wa Iwambi. Iwambi jamani! Barabara kuu ile, malori ya Zambia na Kongo yanashuka na mzigo, kila mtu wa Mbeya anajua breki zikifeli pale kinachotokea. Waigizaji wa zile hatari kwenye filamu walikuwa watu wa kazi hiyo, walifanyia kwenye ukumbi Munich uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1972, kila kitu kimepangwa, na filamu yenyewe ikawaandika majina yao mwishoni kwa heshima, kitu ambacho wakati ule hakikuwa kawaida. Na bado waliumia. Wewe uko na viatu vya mtumba na lori nyuma yako. Mwanachama atakayeonekana tena anafanya hivyo atasimamishwa, na mzazi wake ataitwa.

Mengine kwa kifupi. Fedha, mhazini atasoma mwenyewe, ila hatudaiwi, ada zimelipwa vizuri kuliko nilivyotegemea, na tumenunua sanduku la huduma ya kwanza la maana, lina barafu za kubonyeza, bandeji na mbao za kufungia mfupa. Wenzetu wawili walifungwa hogo, ile plasta ngumu, mwaka huu, mmoja mkono mmoja kifundo cha mguu, wote wamepona, michango yenu iliwafikia. Usajili kwa Msajili wa Vyama vya Michezo pale BMT (Baraza la Michezo la Taifa) tunaendelea nao, katiba yetu imerudishwa na marekebisho kwenye kipengele cha uchaguzi, yanafanyiwa kazi. Uwanja bado ni shida. Ule ufa kwenye sakafu tumeomba ruhusa kuuziba na wenye eneo wamekubali, tunatafuta fundi na mifuko ya simenti, mwenye nayo aseme. Taa bado hatuna, tutacheza mchana.

Kuna walioniambia tukikataa mdhamini tutakosa watazamaji. Mechi tulizocheza baada ya pale, wamama wa Uyole walikuja na vigoda vyao kama kawaida, watoto wanashika ukuta, hakuna aliyeondoka kwa sababu damu haijatoka. Mchezo una kasi, una akili, una pasi za kufa mtu. Utamu tunao tayari.

Jonathan kule mwisho anabaki na mpinzani wa mwisho chini yake, ameinua ule mpira wa chuma juu, uwanja mzima unasubiri ampige. Anauacha mkono ushuke, anainuka, anaenda kufunga goli. Sheria zilishafutwa zote, hakuna wa kumwadhibu, akajiwekea yake. Sisi tuna nafasi ya kuziandika mapema, wote tukiwa wazima.

Mkutano ni Jumamosi baada ya mazoezi, pale pale uwanjani. Kura ni ya siri, kila kipengele kitapigiwa peke yake, wanaopinga watapewa muda wa kuongea sawa na wanaokubali na sitaki mtu azomewe. Nafasi ya makamu iko wazi, majina yapelekwe kwa katibu kabla ya Ijumaa. Makapteni wote njooni mapema tufundishwe kumkagua mtu aliyegonga kichwa, kuna mama mmoja nesi amekubali kuja bila malipo, mumpe nauli. Na fomu za wazazi kwa walio chini ya miaka 18 ziko kwa katibu, ambaye hana fomu iliyosainiwa havai matairi siku hiyo hata akifika wa kwanza.

Mwenyekiti