Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Abaloni Mwekundu na Msitu Wake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Mambo ya kawaida nayapitia haraka: hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe, ada zimelipwa vizuri, na vikao vya masomo havikukatika. Nafasi kubwa naiacha kwa mnyama mliyemchagua wenyewe kuwa somo letu la mwaka, abaloni mwekundu, konokono wa baharini mwenye kombe, kwa sababu tuliyojifunza kwake yanatulazimu kufanya uamuzi kwenye mkutano mkuu.

Kwa waliojiunga karibuni, huyu ndiye abaloni mkubwa kuliko wote duniani. Kombe lake huweza kufika sentimita 30. Anaishi kwenye miamba ya Pasifiki, kuanzia Oregon hadi Baja California nchini Meksiko, chini ya misitu ya mwani mrefu wa kelpu. Nje kombe ni jekundu la matofali, rangi inayotokana na mwani mwekundu anaoula. Ndani linameta rangi za upinde wa mvua. Pembeni lina safu ya matundu, matatu au manne yakiwa wazi. Maji yaliyokwisha kupita kwenye matamvua hutokea humo, na msimu wa kuzaa ukifika, mayai na mbegu za kiume hutokea humohumo.

Kilichozua mazungumzo marefu zaidi kwenye vikao vyetu ni namna anavyokula. Abaloni mkubwa hazunguki sana kutafuta chakula. Hukaa kwenye ufa wa mwamba akingoja. Jani la kelpu lililokatika likipita na mkondo, minyiri myeusi iliyouzunguka mguu wake hulihisi. Hapo huinua sehemu ya mbele ya mguu, hulibana jani juu ya jiwe, kisha huanza kulikwangua taratibu kwa ulimi wenye safu za meno madogo. Kwa hiyo maisha yake yote yanategemea mabaki yanayoletwa na maji. Asiyeliona hilo hawezi kuelewa yaliyomkuta.

Nguvu zake nazo zina mpaka. Mguu ukishang'ang'ania mwamba, kumbandua ni kazi kubwa, na akiguswa na kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, huzungusha kombe kwa nguvu na kukimbia kwa kasi ambayo hukuitarajia kwa konokono. Lakini damu yake haigandi vizuri. Mpiga mbizi akimkata kwa chuma wakati wa kumbandua, kisha akamrudisha majini kwa kuwa ni mdogo, mara nyingi amekwisha kumuua.

Kukua kwake ni kwa pole sana. Kaskazini ya California huhitaji takribani miaka 12 kufika inchi 7, ambacho ndicho kilikuwa kipimo cha chini kilichoruhusiwa kuvuliwa. Kuzaana nako kunadai ujirani: jike humwaga mayai kwa mamilioni, dume humwaga mbegu, na wakiwa mbalimbali vyote hupotelea baharini bila kukutana. Mpango wa California wa kuhifadhi abaloni uliweka 2,000 kwa hekta kuwa kiwango ambacho wakipungua chini yake uzazi wao huwa hatarini. Viluwiluwi huelea siku chache tu, halafu hutafuta mwani mgumu wa waridi uliogandamana na mawe, wakatua hapo.

Sasa nije kwenye lililotuumiza. Uvuvi wa biashara ulifungwa mwaka 1997. Kaskazini ya San Francisco uliachwa uvuvi wa burudani peke yake, tena kwa pumzi ya mtu mwenyewe bila mitungi ya hewa, hivyo abaloni wa vilindini walisalimika. Naamini ulikuwa utaratibu mzuri, na kwa muda mrefu ulifanya kazi. Kilichouvunja hakikutoka kwa wavuvi. Mwaka 2013 ulianza ugonjwa wa kuoza kwa viti vya pweza, ukamaliza karibu wote wa aina ya alizeti, wale wakubwa wenye mikono ipatayo 20. Fisi-maji walikuwa wamekwisha kutoweka huko tangu enzi za biashara ya manyoya, kwa hiyo hakubaki mlaji mkubwa wa nungunungu wa bahari wa zambarau, wale viumbe wa mviringo wenye miiba mwili mzima. Likafuata joto la bahari la 2014 hadi 2016, ambalo lilidhoofisha kelpu. Nungunungu wakatoka mafichoni kwa wingi, wakatafuna hata mashina. Zaidi ya asilimia 90 ya msitu ilitoweka katika ufukwe wa kilomita 350 hivi.

Nungunungu huweza kukaa miaka na njaa. Abaloni hawezi. Wapiga mbizi walikuta wamekonda hadi mguu haujazi kombe, wengine wakipanda mashina yaliyosalia kutafuta jani, jambo lisilo la kawaida kwao. Desemba 2017 Tume ya Samaki na Wanyamapori ya California iliamua kufunga msimu wa 2018, na uvuvi haujafunguliwa tena.

Mwaka 2025 watafiti walitangaza kuwa bakteria Vibrio pectenicida ndiye anayesababisha ugonjwa ule. Habari hiyo ilinipa faraja kubwa, maana kumrudisha kiti cha pweza wa alizeti sasa kuna pa kuanzia.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, somo la mwaka ujao liwe kiti cha pweza wa alizeti pamoja na nungunungu wa bahari, badala ya konokono mwingine kama ratiba ilivyosema. Tumezoea kumsoma mnyama mmojammoja, na kwa abaloni mazoea hayo yalituchelewesha kuuona msitu. La pili, mkusanyo wetu wa makombe usipokee kombe lolote la abaloni lisilo na maelezo ya mahali na mwaka lilipopatikana, wala chama kisinunue kamwe. Najua baadhi yenu mnalipinga hili la pili. Leteni marekebisho kwa maandishi kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, ili yajadiliwe na kupigiwa kura siku hiyohiyo.

Mwenyekiti